Sista na Mashua ya Elgon View

Sista alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu vidato vya ngazi akipanda, alihesabu vijiko wageni wakishaondoka, na ukiwa unaongea naye ungeona midomo yake ikicheza kidogo, ukajua kuna kitu nyuma yako anakihesabu. Alikuwa muuguzi, si mtawa, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya misheni, na kazi yake kubwa mle ndani, alivyonieleza mwenyewe, haikuwa kumpa daktari kisu. Ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kilichoingia ndani ya mtu kimetoka kabla mtu huyo hajashonwa.

Kisa alichopenda kukisimulia kilikuwa cha siku aliyohesabu vipande ishirini vya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufyonza damu, akakuta kimoja kimepungua. Daktari alikuwa amechoka, anataka kushona. Sista akakataa kumpa sindano. Daktari akafoka, mwenye kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi akafoka, na Sista akasimama na sindano yake mkononi kama mtu asiyesikia. Wakatafuta karibu nusu saa. Kile kipande kilikuwa kwenye ndoo, kimejificha chini ya vingine. Hakikuwa ndani ya mgonjwa hata kidogo.

Nilipomsikia mara ya kwanza akisimulia, nilingoja aseme aliomba msamaha. Hakusema.

“Sasa walikukasirikia?” nikamuuliza.

“Wiki mbili nzima.”

“Na wewe ukajisikia aje?”

“Nilijisikia ziko ishirini,” akasema.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto. Nina karakana ya kuchomelea vyuma Langas, hapa Eldoret, na wakati huo nilikuwa bado kijana wa haraka. Mtu alileta tangi la lori, akasema lina miezi halijatiwa mafuta, limekauka kabisa. Nikaamini. Nilipoligusa na moto lilipasuka, mfuniko ukapita juu ya kichwa changu, na ngozi ya mkono kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko ikaondoka. Nilikuwa nikienda kufungwa kidonda kila baada ya siku moja, na mara nyingi aliyenifunga alikuwa Sista. Hakuwa na maneno matamu. Alikuwa akilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, anaivuta polepole kama anayebandua stempu anayotaka kuitumia tena, na kuniambia, “Lia ukitaka, lakini usivute mkono.” Nililia. Sikuvuta. Mkono ukapona ukiwa na makovu, vidole vinakunjika vyote vitano.

Tangu siku hiyo sikugusa tena tangi la mafuta. Nilifanya mageti, madirisha, vitanda vya shule, mikebe ya maziwa. Mtu akileta tangi nilimwelekeza kwa jirani.

Miaka kama tisa baadaye, Sista akiwa amestaafu, alikuja karakana. Aliegesha gari lake dogo katikati ya njia, akashuka, akanijia bila salamu.

“Fungua ngumi,” akasema. “Funga. Fungua tena.” Akatikisa kichwa kuridhika. “Sasa, hujambo Fundi. Niko na tangi inavuja.”

“Ya maji?”

“Ya dizeli. Iko ndani ya mashua.”

“Mashua iko Kisumu?”

“Iko kwangu nyumbani. Elgon View.”

Nilidhani uzee umemfikia. Lakini nilipofika kwake jioni ile, niliiona kabla sijafunguliwa geti. Mashua ya tanga, ya faiba, ndefu futi ishirini na sita, imesimamishwa juu ya magogo na vyuma katikati ya nyasi, chini yake kuku wamelala. Mlingoti wake ulikuwa umelazwa kando ya ukuta, na nguo zilikuwa zimeanikwa juu yake. Majirani walikuwa wakimwita Mama Nuhu, wakidhani hasikii.

Ilikuwa ya mumewe. Huyo mumewe, Injinia, alikuwa amefanya kazi za maji huko ziwani Kisumu muda mrefu, akainunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila likizo alikuwa juu ya maji, na Sista alikuwa zamu, au alisema yuko zamu. Ukweli ni kwamba aliogopa maji, na hakuficha. Katika ndoa yao yote alikuwa amekaa ndani ya mashua hiyo mara moja tu, na siku hiyo ilikuwa imefungwa kwa kamba ufukweni. Injinia alipoanza kusikia harufu ya dizeli ndani, na kuona mafuta yakielea kwenye maji yaliyokusanyika chini ya sakafu, aliipakia kwenye lori, akaipandisha hadi Eldoret kupitia Kapsabet ili aitengeneze polepole akiwa nyumbani. Akaugua kabla hajafungua hata skrubu moja. Baada ya mazishi mashua ikabaki pale pale.

“Unataka kuiuza?” nikamuuliza.

“Nataka kuiendesha.”

“Sista, unajua kuogelea?”

“Sijui. Kuna watu wangapi wanaendesha gari na hawajui kukimbia?”

Basi nikamwambia alichokuwa anakijua tayari. “Mimi sifanyi matangi ya mafuta.”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako,” akasema. “Fundi asiyeogopa, sitaki aguse.”

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu. Hakufurahi. Aliutazama mkono wangu, akaendelea kuchambua mboga, na baadaye akasema tu, “Huyo mama alikufunga vidonda. Hakukununua.” Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne nikarudi Elgon View, na sijui mpaka leo kama nilirudi kwa sababu ya deni la wema au kwa sababu nilitaka kujua kama bado naweza.

Sista hakuwa mtu wa kukubembeleza. Ukimwambia pole kwa msiba, alikuwa akijibu, “Asante. Shika hapa.” Siku ya kwanza nilipanda ngazi hadi juu ya mashua, nikafungua kifuniko, nikaingia tumboni mwake na tochi. Tangi lilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya injini, chini ya mahali anapokaa mwenye kushika usukani. Lilikuwa la chuma cha kawaida, limepigwa kutu, na upande wa chini kulikuwa na tone linalokua, linaanguka, linakua. Nililipima, kisha nikapima mlango wa kuingilia. Nikapima tena. Nikatoka.

“Sista, haitoki.”

“Inamaanisha nini haitoki?”

“Tangi ni kubwa kuliko mlango. Waliiweka kwanza, halafu wakafunika mashua juu yake. Hakuna mahali pa kuitolea.”

Alifikiri. “Kwa hivyo ni kukata mashua ama kukata tangi.”

“Au tuzibe. Kuna gundi ya chuma siku hizi, inashika vizuri.”

Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama watu waliojifunga matambara kwenye vidonda. “Fundi, hapo tunapoona panavuja tone moja. Huko chini kabisa, mahali hatuoni, pakoje? Unabandika plasta juu ya nyama imeoza?”

Tukakubaliana kukata tangi vipande vipande humo humo ndani. Si kwa mashine. Kwa msumeno wa mkono, bila cheche hata moja.

Kabla ya kukata alilisafisha. Nasema alilisafisha yeye, kwa sababu mimi nilidhani kazi hiyo ingechukua asubuhi moja, kumbe ilichukua wiki nzima. Tulivuta dizeli yote kwa pampu ya mkono tukaijaza kwenye mitungi ya plastiki. Kisha maji ya moto na sabuni, kutikisa, kunyonya, kumwaga kwenye pipa, kurudia. Mimi ningenusa niseme limetakata. Yeye angeinamisha uso kwenye tundu, anafumba macho, anasema bado. Siku moja aliniambia kwamba pua ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha kidonda kibichi hata kabla ya kukifungua. Nilichoka, nilikasirika, na nilifurahi kila aliposema bado, kwa maana ilikuwa siku moja zaidi ya kutokata.

Siku aliyosema basi, tulijaza tangi maji mpaka chini kidogo ya mstari niliouchora kwa chaki. Niliingia ndani na msumeno. Nikaweka meno yake kwenye chuma, na mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Nilijua hakuna moto, hakuna umeme, na tangi limejaa maji. Mkono haukujua.

Nikasikia ngazi ikilia. Sista, ambaye aliogopa kupanda juu ya kiti kubadilisha balbu, alikuwa akipanda. Ndivyo alivyoipanda kila siku tangu tuanze kusafisha, amefumba macho, akihesabu vidato, tisa. Akaingia, akajibana kando ya injini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti lake limegusa tangi.

“Toka, Sista. Ngoja nje mpaka nimalize hii ya kwanza.”

“Nimesema imetakata. Nikisema kitu kimetakata, nakaa karibu nacho.” Akajipangusa mikono. “Kata.”

Nikakata. Sauti ya msumeno ndani ya mashua ilikuwa kama inatoka kichwani mwangu. Baada ya dakika chache mkono ulitulia, si kwa sababu ya ujasiri, bali kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na kazi ilikuwa ngumu na hapakuwa na mahali pa kutetemekea.

Ilituchukua siku nne. Vifundo vya vidole vyangu vilichubuka vyote. Sista alikaa juu ya ndoo yake akinipa vifaa, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa enzi zake. Sikuhitaji kuomba. Nilikuwa nikinyoosha mkono nyuma na kile nilichokitaka kikitua kiganjani, kimeelekezwa upande wa kushikia. Jioni alihesabu. Vifaa kumi na vinne vinaingia, kumi na vinne vinatoka.

Siku ya tatu alihesabu kumi na vitatu. Spana ndogo, namba kumi, haikuonekana. Jua lilikuwa linashuka na mimi nilikuwa natoa harufu ya dizeli hadi kwenye kope.

“Tutaiona kesho, Sista.”

“Tutaiona leo. Ikibaki chini, ikienda kwa pampu ya kutoa maji, pampu inakwama. Mashua inajaa maji polepole na mtu anashangaa kwa nini.”

Tulitafuta saa nzima. Tuliinua kila ubao. Ndipo nilipojipapasa suruali kutafuta leso nikaigusa, iko kwenye mfuko wa nyuma. Nilitamani kuidondosha mahali niseme nimeiokota. Nikaitoa, nikampa. Aliitazama, akaiweka kwenye safu yake, akasema, “Kumi na nne. Nenda nyumbani ukaoge.” Hakuitaja tena spana ile.

Usidhani kutokana na hayo kwamba alikuwa mtu wa kanuni katika kila jambo. Jiko lake lilikuwa vurugu. Funguo za gari alizipata kwenye unga. Na yeye ambaye hakuweza kuvumilia hesabu ya uongo hata ya gozi moja, alimdanganya mwanawe bila kupepesa. Simu ikilia tukiwa ndani ya mashua alikuwa akijibu, “Niko jikoni, napika,” huku ameshika tochi na uso una mafuta.

Mwanawe huyo mkubwa anaishi Nairobi, na hakuitaka mashua. Kwa kweli alikuwa na sababu. Aliona mama yake, mwenye miaka sabini na ushei, anapanda ngazi kuingia kwenye chombo chenye dizeli. Jumamosi moja alikuja bila kusema, ameandamana na mtu aliyetaka kununua injini peke yake. Sista aliwapa chai. Mgeni akanywa haraka, akaondoka alipoona hakuna mtu anayezungumzia injini. Mwanawe akabaki.

“Mum, hii kitu itaua mtu.”

“Ndiyo, vile ilivyokuwa ingeua mtu. Kwa hivyo tunatoa tangi.”

“Baba hayuko. Unaifanyia nani?”

Nilikuwa nimesimama karibu na ngazi, nikajifanya nasafisha msumeno. Sista hakuinua sauti.

“Miaka yote nilimwambia baba yako niko zamu,” akasema. “Siku zingine sikuwa zamu. Nilikaa hapa nyumbani nikafuma sweta. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona haya kuogopa. Sasa nimestaafu. Sina zamu ya kusingizia.”

Sista akaingia ndani akatoka na ovaroli ya marehemu, akampa. “Vaa. Fundi anahitaji mtu wa kushika tochi, mimi macho yangu yamechoka leo.” Akaivaa. Alishika tochi mpaka saa kumi na moja, na alipoondoka hakusema tena habari za kuuza.

Kipande cha mwisho cha tangi kilikuwa kile cha chini. Tulipokiinua kilivunjika kama biskuti iliyolowa. Chini yake palikuwa na kitu cheusi kimelala, kizito, kinanuka. Nilidhani ni tope. Nilipokivuta kikatoka kizima, kikakunjuka. Kilikuwa kipande cha zulia la nyumbani, lenye maua ambayo bado yangeweza kuonekana pembeni.

“Huyu aliyeweka zulia hapa ndiye aliyeua tangi,” nikasema. Sikufikiri. “Linashika maji, chuma kinalalia maji miaka yote. Lazima kioze.”

Sista alilishika zulia akaligeuza.

“Hii ni ya chumba chetu cha kulala,” akasema. “Ile ya zamani.”

Nikatamani kuyarudisha maneno yangu. Alikaa juu ya ndoo, zulia liko magotini linamlowesha sketi.

“Ile siku moja niliingia humu,” akasema polepole, “aliwasha injini nione. Tangi ilikuwa inagonga gonga. Ga-ga-ga-ga. Nikamwambia, mimi siwezi kukaa ndani ya kitu kinapiga kelele hivi. Nilitafuta tu sababu ya kutoka.” Akaligeuza tena zulia. “Alienda akasokomeza zulia chini yake isigonge. Hakuniambia. Alingoja nirudi.”

Nilikuwa karibu kumpa pole, nikakumbuka anavyozijibu.

“Sista,” nikasema, “mpya nitaiwekea vipande vya raba nzito, chini na kando. Haitagonga, na maji yatapita katikati.”

“Haitagonga?”

“Haitagonga.”

Alishuka na zulia akiwa amelikumbatia, akalipeleka nyuma ya nyumba kwenye shimo la takataka, akalimwagia mafuta ya taa, akalichoma. Alisimama kando mpaka likaisha. Kisha akarudi akaniuliza vipimo.

Tuliamua kutengeneza matangi mawili madogo badala ya moja kubwa, yanayoweza kupita mlangoni, ili siku nyingine atakayeyatoa asihitaji msumeno. Nilikata katoni za sabuni kwa mkasi, tukazijaribu ndani ya mashua mpaka zikakaa sawa, kisha nikakata bamba la stenlesi, chuma kisichoota kutu, kwa umbo hilo hilo. Kazi hiyo niliijua. Eldoret ni mji wa ng'ombe wa maziwa, na fundi asiyeweza kushona stenlesi hapa atalala njaa. Ndani niliweka kuta zenye matundu ili mafuta yasirukeruke mashua ikiyumba, na juu mfuniko wa skrubu, mkono uweze kuingia kusafisha.

Yalipokuwa tayari niliyajaza upepo kwa pampu ya baiskeli nikayapaka povu la sabuni. La kwanza likawa safi. La pili, kwenye kona moja, povu moja likatokea, dogo kama jicho la sisimizi. Sista alikuwa amesimama hapo hapo karakana, lakini miwani ilikuwa kwenye gari. Hakuliona. Nilijua povu lile lingechukua pengine miaka kumi kuwa tone. Nilikuwa nimechoka.

“Hii imekataa,” nikasema.

“Wapi? Mimi sioni.”

“Mimi naona.”

Nikakwangua kona nikaichomea upya. Hakunisifu. Lakini alipokuwa akiondoka alimwambia mke wangu, ambaye alikuwa ameniletea chakula, “Mzee wako sasa anaona vizuri.” Mke wangu alinisimulia jioni ile akitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze.

Povu la sabuni halikumtosha Sista. Aliyachukua matangi yote mawili, akayaweka sebuleni kwake juu ya magazeti makavu, akayajaza maji. Siku tatu. Kina mama wa kanisa walikuja kwa maombi wakakuta matangi yamekaa katikati ya makochi, wakaimba wakiyazunguka. Mmoja akauliza kama ni ya kuchemshia chai ya harusi. Kila asubuhi Sista alichomoa gazeti moja akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Siku ya nne akanipigia: “Makavu. Njoo uweke.”

Mashua ilirudi ziwani mwanzoni mwa msimu wa kiangazi. Tulikwenda mimi, Sista, yule mwanawe, na nahodha mmoja wa Kisumu aliyekuwa akisafiri na Injinia zamani. Sista alivaa jaketi la kuokolea maisha tangu tuko barabarani. Mashua ilipoteremshwa majini alisimama gatini akashindwa kuingia. Hakuna aliyemhimiza. Nahodha aliinamia kamba zake, mimi nikaangalia ndege. Baada ya muda nikaona midomo yake ikihesabu, kisha mguu mmoja ukavuka, kisha wa pili.

Nje kulikuwa na upepo mzuri. Tanga lilijaa, mashua ikainama upande, na Sista akashika ukingo kwa mikono yote miwili, uso umekuwa wa majivu. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Tuliporudi tulikuta upepo umelisukuma gugumaji, limefunga njia ya kuingilia kama shamba lililoota juu ya ziwa. Tanga halingetupitisha. Nahodha akawasha injini, tukaingia polepole katikati ya majani, injini ikinguruma na kulemewa. Kama mafuta yangekatika hapo tungelala humo.

Sista aliachia ukingo. Akashuka ndani peke yake, mashua inatikisika, akafungua kifuniko cha nyuma. Nilimfuata. Alikuwa amepiga magoti, ana kipande cha gozi nyeupe mkononi. Akakipitisha chini ya tangi la kwanza, akakitazama. Chini ya la pili, kwenye ile kona, akakitazama kwa muda mrefu. Akanionyesha. Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye pakiti. Kisha akainamisha sikio.

“Haigongi,” akasema.

Alibaki amepiga magoti pale mpaka tulipotoka kwenye gugumaji, na mimi nikarudi juu nikamwacha.

Siku hizi natengeneza matangi ya mafuta, ya matrekta na ya malori. Wateja wanalalamika kwamba nayaosha siku nyingi mno. Nawaambia waende kwa jirani.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuwa na kazi Kisumu, na mke wangu akasema atanisindikiza aione mashua iliyonichosha wiki zile zote. Nilimpigia Sista, akasema twende tu, tutamkuta. Tulipofika gatini hakuwepo. Kisha mke wangu akanyoosha kidole. Mashua ilikuwa inakuja, tanga limeshushwa, inatumia injini. Nahodha alikuwa amekaa mbele, mikono katikati ya magoti. Aliyeshika usukani nyuma alikuwa Sista.

Upepo ulikuwa unatoka ubavuni. Alikaribia gati, akapunguza mwendo, na mashua ikasukumwa mbali, ikapita gati ikiwa imebaki hatua mbili iguse. Akazunguka. Mara ya pili alikuja kwa kasi, akagonga matairi yaliyoning'inizwa pale, mashua ikaruka nyuma. Watu waliokuwa wakiosha magari kando ya maji waliacha kazi kutazama. Mmoja akaita, “Mama, achia nahodha.”

Nahodha akanikunjulia viganja akiwa pale mbele. “Amenikataza kugusa.”

Sista hakumtazama yeyote. Akazunguka tena, safari hii mbali zaidi, akaelekeza pua ya mashua kwenye upepo, akaja polepole mno, nikadhani itasimama kabla haijafika. Nilinyoosha mkono kudaka ukingo.

“Toa mkono hapo, Fundi,” akasema. “Itakubana.”

Nikautoa. Mashua ikalala kando ya matairi bila sauti. Nahodha akatupa kamba, nikaifunga. Waosha magari wakarudi kwenye ndoo zao. Sista alijifuta jasho kwa kiwiko, akamsalimia mke wangu, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, akaniuliza habari za karakana. Kisha akanitazama.

“Fungua hiyo kamba.”

“Si ndiyo umefika tu?”

“Hiyo nimeegesha kwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia bado sijaweza.” Akamgeukia mke wangu. “Mama, unaingia ama unabaki na huyu?”

Mke wangu hajawahi kupanda hata kidau. Alitazama maji, akamtazama mama yule mzee aliyeshika usukani. Akavua viatu, akanipa pamoja na mkoba, akaingia.